Nilivyobeba kipande cha tezi yangu kutoka Moshi hadi Dar

Mwezi wa saba Moshi kuna baridi, na sweta za shingo ndefu hazikai mezani. Mimi nauza mitumba soko la Memorial. Julai 2021 mteja alitaka kuona sweta linavyokaa mwilini, nikalivaa mwenyewe, likagoma kushuka vizuri upande wa kulia. Nikashika. Juu kidogo ya mtulinga palikuwa na kitu kama yai la kware, kigumu kiasi, hakiumi hata ukikibonyeza. Mteja alinunua sweta lake akaondoka. Mimi nilikibonyeza kutwa nzima.

Nilianzia kituo cha afya cha karibu, nikapewa antibaiotiki za siku saba. Uvimbe haukupungua. Nikaenda hospitali moja mjini, wakachoma sindano kwenye uvimbe, wakavuta kidogo, wakapaka kwenye kioo. Baada ya wiki karatasi ikasema inaelekea ni TB ya matezi. Nilikuwa natoka jasho usiku mpaka shuka inalowa, na sketi zilikuwa zinanishuka kiunoni. Kipimo cha virusi kilikuwa salama, makohozi hayakuonyesha kitu. Kwa hali hiyo hata mimi ningesema TB. Septemba nikaanza dawa, ambazo kwetu zinatolewa bure, nikazoea mkojo wa rangi ya chungwa na harufu ya vidonge inayopanda puani asubuhi.

Desemba watu wa Moshi wanarudi nyumbani, na kwetu Kibosho kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka. Shangazi akanipa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sikumaliza hata robo ya kata. Ule uvimbe ambao miezi mitano haukuwahi kuuma ulianza kuuma kama jino. Nikaweka chini, nikasubiri, ukatulia. Jioni nikajaribu tena kwa ubishi, ukauma tena, palepale. Shangazi akasema mbege haimpendi mtu anayekunywa dawa za hospitali. Nilicheka, nikasahau.

Januari nilipokwenda kuchukua dawa za mwezi, muuguzi wa kliniki ya TB akaniuliza kama uvimbe umepungua. Nikamwambia umeongezeka, sasa iko miwili. Halafu, kama mtu anayesimulia kichekesho, nikamwambia habari ya mbege. Akaacha kuandika. Akanitazama, akaniuliza nirudie. Siku hiyohiyo nilitoka na barua ya rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi. Baadaye ndipo nilipojua kuwa uvimbe kuuma baada ya pombe ni dalili adimu, lakini inafahamika, ya ugonjwa mmoja hasa. Wagonjwa wengi hawaipati. Mimi nilibahatika, kama hilo ndilo neno lake.

KCMC daktari hakutaka sindano tena. Alisema sindano inaleta chembe chache, na ugonjwa anaoufikiria unataka tezi nzima ionekane jinsi ilivyojipanga. Nikachomwa ganzi, tezi ikatolewa, nikarudi nyumbani kwa daladala nikiwa na bandeji shingoni na mtandio juu yake. Hapo ndipo nilipojifunza kinachofanyika kwa hiyo nyama, na ningependa mtu angeniambia mapema. Inalowekwa kwenye dawa isioze, inazamishwa kwenye nta mpaka inakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa chenye nyama katikati. Kutoka kwenye hicho wanakata utando mwembamba sana, wanauweka kwenye kioo, wanautia rangi na kuutazama. Kioo wanakiita slaidi. Kile kipande cha nta wanakiita bloku. Bloku inatunzwa kwa miaka, na inaweza kukatwa tena na tena, na mtu mwingine kabisa, mahali pengine kabisa.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Niliingia na mama. Daktari akasema ni Hodgkin limfoma, saratani ya matezi, na kwamba ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri, hasa kwa mtu wa umri wangu. Nilikuwa na miaka 26. Mama alikuwa kimya. Nikauliza wamejuaje. Daktari akachukua kalamu, akachora duara, ndani yake akaweka maduara mawili, kila moja na nukta nene katikati. Akasema seli yenyewe inakaa hivi, kwenye vitabu wanaiita macho ya bundi.

"Bundi?" mama akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie. Daktari akaendelea kueleza hatua na mizunguko ya dawa, lakini nilijua mama hasikii tena. Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku, watu hawalali. Na sasa amechorwa kwenye karatasi, kumbe anakaa shingoni mwa mwanawe.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili. Mjomba alishika karatasi mbili, moja mkono huu, moja mkono ule. "Hii inasema TB, hii inasema kansa. Nani muongo?" Yeye mwaka 2011 alikwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, na mpaka leo ukimuuliza kilimsaidia nini anabadilisha mazungumzo, ila siku hiyo alikitaja tena. Shangazi alitaka nipelekwe India. Baba mkubwa akasema ng'ombe wapo, lakini kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi, hilo lisitajwe. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kigoda nikiwaza kitu kimoja: sitaki kuwekewa dawa za kansa kama nina TB, na sitaki kumeza dawa za TB kama nina kansa. Swali la mjomba, pamoja na ukali wake, lilikuwa swali langu pia.

Nikarudi kwa daktari peke yangu, kumwomba tezi yangu iangaliwe na mtu mwingine. Nilijiandaa kwa maneno ya kuomba radhi, maana tumelelewa kwamba kumwuliza daktari "una uhakika?" ni kumvunjia heshima. Sikuyahitaji. Alivuta karatasi, akaandika barua, akaniambia bloku itatolewa maabara kwa hiyo barua. Akaongeza mambo mawili. La kwanza, nta inayeyuka, kwa hiyo nisiiweke kwenye dashibodi ya basi wala dirishani juani. La pili, ana subira ya wiki tatu. "Kauli nyingine tafuta," alisema, "lakini ikifika wiki ya nne hujarudi, huo ugonjwa hauna subira kama yangu." Kuhusu India nilimwuliza pia. Akasema dawa nne za kuanzia ugonjwa huu ni zilezile, huko na hapa.

Nilitaka pia ile slaidi ya sindano ya mwaka uliopita, ili anayeangalia aone yote. Kule hospitali ya kwanza karani aliniambia vitu vya maabara havitoki. Nikaja kesho yake, havitoki. Siku ya tatu nikaja na barua ya daktari yenye muhuri, na kitambulisho, nikamwomba mkubwa wa maabara badala ya karani. Vikatoka ndani ya nusu saa, nikasaini daftari. Sina kinyongo na karani, nadhani hakuna aliyewahi kumwomba. Lakini siku mbili kati ya wiki zangu tatu zilikwenda hapo.

Basi la alfajiri. Bloku ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, na karatasi yenye namba imebandikwa. Niliifunga kwenye leso, nikaitia kwenye bahasha ya khaki, bahasha kwenye kipochi, kipochi nikakivaa kifuani ndani ya koti. Nilichagua kiti cha upande usiopigwa na jua asubuhi, kumbe baada ya saa sita jua linahamia upande wangu, nikahamisha kipochi kwapani. Same, Mombo, Korogwe. Dada niliyekaa naye alikuwa amebeba vifaranga kwenye boksi lenye matundu, kila basi likisimama anawachungulia. Na mimi nachungulia kipochi. Akaniuliza, "Na wewe una nini humo?" Nikamwambia nina nyaraka.

Muhimbili walipokea bloku na slaidi, wakaniambia nirudi baada ya siku kumi. Nilikaa kwa binamu Mbagala, nikauza hata nguo nilizokuja nazo kwa majirani zake, mkono wa biashara hautulii. Siku ya kumi daktari wa patholojia, yule anayesoma nyama kwenye darubini, mwenyewe alinieleza, jambo ambalo sikulitegemea, maana hao watu huwa hawaonani na wagonjwa. Walikata bloku upya, wakaitia rangi maalumu zinazoshika alama za seli. Mbili alizozitaja ni CD15 na CD30, zote zilishika. Wakatafuta na TB kwenye nyama ileile, hawakuikuta. Ni Hodgkin, aina ya kawaida.

Nikamwuliza swali la mjomba: nani alidanganya?

Akaweka ile slaidi ya sindano chini ya darubini, akaniita nichungulie. Niliona nukta za zambarau, nyingi, zote sawa. Akasema hakuna aliyedanganya. Kwenye ugonjwa huu seli zenyewe za saratani ni chache, mara nyingi hazifiki hata moja kati ya mia, zilizobaki ni askari wa mwili waliokusanyika kuzizunguka. Sindano iliwavuta askari, na askari wakikusanyika namna ile wanafanana na wale wa TB. Halafu akabadilisha slaidi, akaweka iliyokatwa kwenye bloku, akasogeza sogeza. "Umeiona?" Niliiona. Duara kubwa, macho mawili, yananitazama. Nikaomba nipige picha na simu, ikatoka na ukungu. Ninayo hadi leo. Mama hajaiona.

Kwa kuwa nilikuwa Dar nikapitia Ocean Road, hospitali ya saratani, kwenye yale majengo ya Wajerumani karibu na bahari, nikiwa na barua ileile, niulize kuhusu matibabu. CT skani ilikuwa imeonyesha matezi ya shingoni na mengine kifuani, yote juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo hatua ya pili. Hapa ndipo kauli mbili zilipotofautiana. Moshi walikuwa wamesema mizunguko sita ya kemo, yaani dawa za kansa za dripu. Ocean Road wakasema minne inaweza kutosha, ikifuatiwa na mionzi ya wiki tatu. Nilikata tamaa kidogo, nikadhani narudi kwa mjomba na karatasi nyingine zinazopingana. Daktari akanieleza kwamba njia zote mbili zinatumika. Mionzi inapunguza dawa, lakini kwa msichana, mionzi ya kifuani inaongeza uwezekano wa saratani ya titi miaka mingi mbele. Kemo zaidi nayo ina gharama yake kwa mapafu na moyo. Na KCMC wakati huo hawakuwa na mionzi, kwa hiyo hiyo ingekuwa Dar.

Kwa hiyo uamuzi ukawa wangu, kitu ambacho sikukitarajia wala sikukipenda. Nilitaka mtu aniambie. Nilikaa kwenye benchi nje, upepo wa bahari unapiga, nikapiga hesabu ya kawaida kabisa: kulala Dar wiki tatu ni kwa nani, meza ya Memorial itasimamiwa na nani, mama atakuja na nini. Na lile la titi. Nikachagua sita, Moshi. Siku ya kumi na tisa nilikuwa mbele ya daktari wangu na bahasha.

Dripu ya kwanza ilikuwa Machi 2022, kwenye kituo cha saratani cha pale KCMC. Kila wiki mbili, dripu mbili kwa kila mzunguko, jumla kumi na mbili. Kuna moja nyekundu kama sharubati ya rozela, inakojolewa nyekundu vilevile, nami nilikuwa mzoefu wa rangi tangu enzi za TB. Kuna nyingine haitaki mwanga, inafunikwa, na ikiingia mshipa unawaka. Sista alinionyesha kuweka kitambaa cha uvuguvugu juu ya mkono. Nywele zilitoka baada ya ya pili. Mara mbili niliahirishwa kwa sababu chembe nyeupe za damu zimeshuka, na hizo ndizo siku nilizolia, si siku za dripu. Homa ikifika 38 naambiwa nije bila kusubiri asubuhi. Ilitokea mara moja, baba mkubwa akanileta kwa pikipiki ya kubebea ndizi saa nane usiku.

Pesa: sikuwa na bima. Kundi la mchango la ukoo kwenye WhatsApp lilibeba nusu ya mwanzo kwa M-Pesa za elfu kumi kumi. Nusu ya pili lilikuwa limechoka, likawa la salamu za asubuhi tu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo iliyonisaidia kupunguziwa. Nilichelewa kwenda kwa aibu. Niende vipi na mimi nina meza Memorial? Wanahitaji barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wangu hapatikani ila Jumanne.

Dripu ya mwisho niliipata mwishoni mwa Septemba. CT ikatoka safi. Bloku niliiomba irudi, iko maabara kwenye namba yake.

Desemba 2022 tukapanda Kibosho. Nywele zilikuwa zimeota kama za mtoto. Shangazi akaja na kata, akanipa mbele ya watu, makusudi, nikajua amepanga na mama. Uwanja ukanyamaza. Nikanywa funda moja, nikaweka mkono shingoni, nikangoja. Nikanywa la pili.

"Vipi?" mama akauliza.

Nikamwambia imechacha.