Siku moja maishani mwangu: siku ya kura Thurrock, Mei 7, 2015

Saa 11 alfajiri nishatoka. Niko Grays, jimbo la Thurrock, mashariki ya London, nasukuma vipeperushi vya chama changu, UKIP, kwenye matundu ya barua watu wakiwa bado wamelala. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura ya ubunge, kwa hiyo kura ninayo. Mnaoniuliza kila siku nilikuwa nafanya nini kwenye chama kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, jibu langu ni hili: wakati huo, kuanzia 2012, hata raia wa huku akitaka kumleta mke kutoka kwetu ilikuwa lazima aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, wakati mtu wa nchi ya Umoja wa Ulaya alikuwa anamleta wa kwake bila sharti hilo. Liliniuma sana.

Saa 1 asubuhi vituo vinafunguliwa. Nasimama nje na utepe wetu wa zambarau na njano, pembeni yuko mzee mmoja wa Tory, yaani chama cha Conservative, na dada wa chama cha Labour, wote tunaomba watu namba zao za kwenye daftari la wapiga kura, asiyetaka kutaja halazimishwi. Namba zinapelekwa ofisini, zinakatwa kwenye orodha ya waliotuahidi kura, ikifika mchana mnabaki na majina ya ambao hawajaja na hao ndo wa kufuatwa majumbani.

Saa 4 chai, ofisini, yaani sebuleni kwa mwenzetu mmoja. Hapo mjadala ni ule ule. 2014 tulishika namba moja kura za Bunge la Ulaya, wabunge 24, maana kule viti vinagawanywa kwa uwiano. Huku majimbo 650, kila jimbo anaingia mwenye kura nyingi basi, kama kwetu tu, ila huku hakuna hata viti maalum vya kukufuta machozi. 2010 tulipata kura zaidi ya laki 9 nchi nzima na hatukupata kiti hata kimoja, maji yamemwagwa mchangani. Mimi nawaambia waangalie chama cha Liberal Democrats: 1992 asilimia 17.8, viti 20, halafu 1997 asilimia ikashuka hadi 16.8 na viti vikapanda hadi 46, kwa sababu walichagua majimbo yanayoshindika wakakomaa nayo. Chama kidogo hakina njia nyingine, chagua sehemu chache, hamishia watu wako wote huko.

Saa 8 mchana Tilbury, kwenye nyumba za watu wa bandari. Labour wa zamani wengi wako na sisi, tatizo ni wale wa Tory. Mama mmoja kaniambia nawapenda nyie lakini nikiwapa nyie, Miliband, kiongozi wa Labour, anaingia Ikulu. Nikamwambia mama, hapa 2010 Tory alishinda kwa kura 92 tu, jimbo hili ni la watatu, sisi sio wa kusindikiza. Akasema atafikiria.

Saa 12 jioni watu wanashuka treni kutoka London, tunagonga milango hadi vidole vinauma, hadi saa 4 usiku vituo vinafungwa, na hapo hapo TV inatangaza makadirio ya viti: Tory 316, UKIP 2.

Matokeo yetu: Tory 16,692, Labour 16,156, sisi 15,718. Nchi nzima kura zaidi ya milioni 3.8, kiti kimoja, Clacton. SNP, chama cha Scotland, kwa kura milioni 1.4 na kitu wakabeba viti 56. Nguvu kubwa ya chama chetu ilipelekwa jimbo la South Thanet kwa kiongozi wetu Farage, naye akaanguka. Sisi tulikosa kwa 974, piga hesabu mwenyewe, watu 488 tu wa Tory wangehamia kwetu kiti kilikuwa chetu, na watu hao walikuwa wanafikika kabisa kama tungepewa mabasi mawili matatu ya wagonga milango kutoka majimbo ambayo kila mtu alijua hatushindi.