Kilabu cha kule chini kimewekwa vigae

Habari alinipa mama mdogo, hata mabegi sijamaliza kuyashusha kwenye Noah. Kile kilabu cha kule chini, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, kimewekwa vigae. Alilitamka neno "vigae" kama mtu anayekwambia fulani kanunua gari.

Mimi niliondoka Marangu, kwetu Kilimanjaro, mwaka 2013. Wakati huo kilabu kilikuwa banda la mabanzi lenye bati la kutu, benchi mbili ndefu zilizopigiliwa ardhini zikitazamana, pipa la bluu la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kaunta yenye nondo ambako viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilining'inia kama shanga. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 mimi nilikuwa Reading, Uingereza, nasoma habari hiyo kwenye simu katikati ya zamu ya usiku. Nikacheka peke yangu. Nilijua nani kijijini atalia.

Tulishuka Jumanne jioni, wiki moja kabla ya Krismasi, watu wa Dar wakiwa hawajafurika. Ni mwendo wa dakika tano. Sisi tulitumia karibu saa nzima, maana kila kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kina mtu wa kumwamkia, na kila uliyemwamkia lazima aseme kama umenenepa au umekonda. Nimenenepa. Hilo halina ubishi.

Vigae kweli vipo, vyeupe, na vinateleza. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, watu wanaingia na tope la shambani, kijana amesimama mlangoni na dekio anafuta nyayo ya kila mmoja wetu huku akisema "karibu." Nilimwonea huruma. Friji la kioo limejaa bia za Kilimanjaro na Serengeti. Televisheni mbili, zote mpira. Meza za watu wanne wanne, na viti vyote vimegeuziwa televisheni. Zile benchi za zamani zilikulazimisha umsalimie kila aliyemo, hata yule mliyegombana naye mpaka wa shamba, kwa sababu alikuwa amekaa mbele ya pua yako. Sasa unaweza kuingia, ukanywa, ukatoka, umeona visogo tu.

Nilikuwa najiandaa kulalamika hivyo kwa sauti, mama mdogo akaniacha hapo hapo na kwenda kutafuta choo. Alirudi anatabasamu.

"Kuna cha wanawake," alisema. "Kina maji. Kina na komeo."

Nikanyamaza. Mama mdogo amewahi kuuza mbege hapa miaka mingi, na wakati huo wanawake walikuwa wanaingia kwenye migomba. Mimi niliyekuwa nakuja hapa kijana, nakunywa, nakwenda zangu, sikuwahi hata kujiuliza.

Mhudumu akaja. "Shikamoo mama. Shikamoo kaka. Niwaletee ya baridi au ya moto?"

"Mbege ipo?"

Ipo, ila inakuja kwenye jagi, na glasi mbili. Mama mdogo akaiangalia ile glasi, akaangalia ukutani. Kata zote za zamani, vile vibuyu vya kunywea, zimetundikwa pale, zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa.

"Nishushie ile ya katikati."

"Mama, zile ni za urembo. Zimepakwa vanishi."

"Vanishi! Kata?" Akanigeukia mimi, kana kwamba nimeileta vanishi hiyo kutoka Ulaya.

Basi tukanywea glasi. Akamimina, akaonja yeye kwanza kama inavyotakiwa, ndipo akanipa. Aika, mae; asante, mama. Mimi kwa miaka 11 nilikuwa nimeisahau ile chachu inayokuja nyuma ya utamu, na punje laini za ulezi zinazobaki ulimini. Ningemaliza jagi nikisifu. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Ndizi ziko sawa," akasema. "Zimeiva, zimechemshwa mpaka zikawa nyekundu, zimekaa siku za kutosha. Ulezi ndio wameufanyia haraka. Haukuachwa uote vizuri kabla ya kusagwa, ndiyo maana mso, huo uji wa ulezi, una ladha ya unga. Na msesewe wametia kwa woga."

Msesewe ni ule mti ambao gome lake linatia uchungu kwenye mbege. Likizidi, umeharibu pipa zima. Likipungua, unakunywa uji wa ndizi. Mama mdogo hakuwahi kupima kwa kipimo chochote zaidi ya kiganja chake, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kiganja hicho.

Tuliagiza mbuzi choma nusu kilo, ndizi za kuchoma na kachumbari. Ilichukua saa moja na robo. Hapo ukarabati haukufika, na nashukuru, kwa sababu nyama ilikuja kwenye sinia la mbao, imekatwa hapo mezani, mafuta bado yanachemka, chumvi na pilipili mbichi pembeni. Pale Reading kulikuwa na baa karibu na kwangu, nayo ilikarabatiwa. Chakula kilikuja dakika kumi na mbili. Miaka yote niliyokwenda, hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Wakati tunaguguna mifupa, mwenye kilabu akatokea, binti wa yule mzee aliyekianzisha. Mama mdogo hakupoteza muda, alimpa habari ya ulezi na msesewe bila sukari. Nilitamani kuingia chini ya meza. Yule dada akavuta kiti, akakigeuza mgongo kwa televisheni, wakaanza kuzungumza bei. Walianzia mbali sana. Kufikia mpira unaisha, walikuwa wamekubaliana mama mdogo alete ndoo mbili za mbege kila Ijumaa, za kuanzia, na mama mdogo amekataa katakata kuchukua unga wa ulezi wa dukani.

Ikaja bili: 19,500. Nikatoa kadi yangu ya benki ya kule. Mhudumu akaiangalia kwa heshima na kunirudishia. Lipa namba, ile ya kulipa kwa simu, nayo mtandao hakuna, na mfukoni nilikuwa na pauni. Yule dada akafungua droo chini ya kaunta mpya ya marumaru, akatoa daftari la shule, la kurasa za mraba, limekunjika pembe. Aliandika "Mtoto wa Mwalimu, 19,500." Baba ndiye alikuwa mwalimu. Jina langu hakuliuliza. Kwenye ukurasa wa pili akaandika ndoo za mama mdogo.

"Si mkate deni lake humo humo?" mama mdogo akauliza.

Nikakataa. Leo asubuhi nimeshuka na noti mkononi, nikakuta mtandao bado haujarudi, yule kijana anadeki, na mtori, ile supu ya ndizi, ndiyo kwanza unaepuliwa. Nimeandikwa tena.