Mninga wa Tabora mgongoni mwa gitaa

Mjozi (walnut) unasifiwa sana na watengenezaji wa gitaa kavu wa Marekani na Ulaya. Tabora hauoti, na kuuagiza ni kuongeza gharama bila sababu. Ukiuweka kwenye vipimo, kazi ambayo mjozi unaifanya mgongoni na ubavuni mwa gitaa inafanywa vizuri na mninga unaotoka misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua. Tena kuna jambo moja ambalo mninga unaushinda mjozi waziwazi: kutulia hewa inapobadilika. Kwa mkoa ambao Februari nguo hazikauki na Septemba midomo inapasuka, hilo si jambo dogo.

Tuanze na namba. Mjozi mweusi wa Marekani (Juglans nigra) ukishakauka una uzito wa kilo 610 hivi kwa mita ya ujazo. Mninga (Pterocarpus angolensis) uko karibu kilo 600. Kwenye kusinyaa ndipo zinapoachana: mjozi, kutoka ubichi mpaka ukavu kamili, unasinyaa asilimia 5.5 ukipima kutoka kiini kwenda gome, na asilimia 7.8 ukipima kwa kufuata mzunguko wa pete za shina. Mninga unasinyaa chini ya nusu ya hapo. Mjozi nao una sifa yake: ni mkakamavu zaidi kidogo kwa unene uleule, na nyuzinyuzi zake zimenyooka kuliko za mninga, kwa hiyo haukusumbui wakati wa kupiga randa wala kukunja mbavu.

Sauti je? Mwaka 2018 jarida la Journal of the Acoustical Society of America lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Yalitengenezwa magitaa sita ya umbo moja, yakatofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, mjozi ukiwemo pamoja na rosewood ya Brazil, rosewood ya India, mahogani, mepo na sapele. Wapigaji 52 waliyapiga gizani bila kujua lipi ni lipi, na alama walizoyapa zilikaribiana mno, hata ile rosewood ya bei mbaya haikujitenga na nyingine. Sehemu kubwa ya sauti ya gitaa inatoka kwenye uso, ule ubao wa mbele wenye tundu, pamoja na mataruma yake, vile vijiti vya kuuimarisha vinavyobandikwa kwa ndani. Kwa hiyo mbao ya mgongo ichague kwa uimara, uzito na utulivu. Fundi anayekuambia mbao fulani ya mgongo ndiyo siri ya sauti tamu anauza jina.

Dukani usiulizie mbao pana. Shina la mninga mara nyingi si nene, na ukishatoa kiini cha katikati na ubao mweupe wa nje, kipande cha sentimita 20 kilichopasuliwa kuelekea kiini ni adimu. Tafuta mbili kwa sita ya futi saba, halafu utazame kichwa cha ubao na si uso wake. Pete ziwe zimesimama, zikikutana na uso mpana kwa pembe ya karibu digrii 90. Zikilala kama tabasamu, acha ubao huo kwa watu wa milango. Katika rundo la mbao hamsini huenda ukapata tatu au nne tu zinazofaa, na muuzaji hatakutoza zaidi kwa hizo, kwa sababu wateja wengi wanachagua rangi. Rangi ya mninga inaanzia hudhurungi ya asali hadi wekundu wa udongo, na haikuambii chochote kuhusu ubora. Ubao mweupe wa pembeni ukataliwe kabisa: mbao ya ndani ya mninga inastahimili mchwa, lakini ule weupe unaliwa na bungua, na tundu moja kwenye ubavu wa milimita 2 limeshatoboka upande wa pili.

Hesabu ya kukata ni hii. Futi saba ni milimita 2,130 hivi. Kata vipande viwili vya milimita 550 na kimoja cha 850, jumla 1,950. Zinazobaki zinafidia ncha zilizopasuka. Kila kipande kisimamishe kwa ubavu na ukipasue kwenye msumeno wa bendi upate vibao vya unene wa milimita 5. Kama msumeno unakula milimita 2, unene wa milimita 50 unatoa vibao sita na akiba inabaki ya kusawazisha. Vipande viwili vifupi vitakupa vibao 12 vya mgongo, na kile kirefu sita, yaani jozi tatu za mbavu. Ubao mmoja, magitaa matatu. Msumeno wa mviringo usiutumie hapa: unakula mara mbili ya hapo, na wa kawaida haufiki kina cha inchi sita kwa mpito mmoja.

Vibao vya inchi sita vinatosha mgongo ukiunganisha vitatu. Gitaa pana aina ya dreadnought lina milimita 397 sehemu ya chini; vibao vitatu vya milimita 135 vinatoa 405. Huo si ujanja wa kimaskini. Kampuni ya Martin ilitoa modeli ya D-35 yenye mgongo wa vipande vitatu mwaka 1965, kwa sababu rosewood pana ya Brazil ilikuwa imeanza kuadimika, na modeli hiyo inapendwa hadi leo. Kingo za vibao zipigwe randa ndefu, kisha vishikanishe viwili mbele ya taa. Mwanga ukipenya popote, rudia. Usitegemee klampu kuziba mwanya, maana kiungo kilicholazimishwa ndicho cha kwanza kufunguka mwezi wa tisa.

Kukausha kunaanza baada ya kupasua. Panga vibao kivulini, juu ya vijiti vya milimita 15 vilivyoachana milimita 150, uweke mawe juu. Tia alama kibao kimoja, kipime kwa mizani ya jikoni kila wiki, na uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo ujue kimelingana na hewa. Ukitaka asilimia kamili ya maji, chukua kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka kisipungue tena, gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kilichokuwa gramu 100 kikibaki 91, maji ni asilimia 9.9. Lengo ni kati ya 8 na 10.

Kabla ya kuamua unene, pima ukakamavu. Chonga kijiti cha urefu wa milimita 400 na unene wa milimita 5 kamili, kishike kwa vidole viwili milimita 90 kutoka ncha moja, gonga katikati karibu na simu yenye programu ya kupima masafa ya sauti. Ukakamavu ni 0.946 mara uzito kwa mita ya ujazo, mara masafa kwa kipeo cha pili, mara urefu kwa kipeo cha nne, gawanya kwa unene kwa kipeo cha pili, vipimo vyote vikiwa kwa mita. Mbao ya kilo 600 ikilia hezi 127 inatoka gigapaskali 9.4. Mjozi kwa wastani ni 11.6. Kwa kuwa ugumu wa ubao unakua kwa kipeo cha tatu cha unene, tofauti hiyo inafidiwa kwa kuongeza asilimia 7 tu: mgongo ambao ungekuwa milimita 2.5 kwa mjozi unakuwa 2.7 kwa mninga huo. Mbavu ziache 2.0 hadi 2.1.

Randa ya mninga inahitaji subira. Nyuzinyuzi zake zinapishana, mstari mmoja unakwenda mbele na wa jirani unarudi nyuma, kwa hiyo upande wowote utakaosukuma utang'oa mahali fulani. Jembe la randa liwe kali, mkato mwembamba, na milimita ya mwisho uimalize kwa kikwaruzo cha chuma na msasa namba 80, kisha 120. Vumbi lake lina madhara halisi: linawasha ngozi na pua, na kuna mafundi linaowaletea pumu. Kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi laini na ufanyie kazi mlangoni.

Sasa mbavu, ambako mninga unavunja wengi moyo. Mjozi unakunjika kirahisi. Mninga uko katikati, na zile nyuzinyuzi zinazopishana ndizo zinazokatika nje ya mkunjo. Tumia bomba jeusi la chuma la inchi tatu, lenye mkaa ndani au hita ya umeme. Bomba la mabati usiliguse, zinki yake ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Tone la maji likiruka na kucheza juu ya bomba, joto linatosha. Loanisha ubavu kwa kitambaa, usiuloweke kwenye ndoo, kwa sababu ubavu uliolowa sana unajikunja kama bati upande kwa upande. Weka ukanda wa chuma chembamba cha nusu milimita upande wa nje, anza na kiuno, na subiri mbao yenyewe ilegee. Utausikia mkono ukizama bila nguvu. Ukisukuma kabla ya hapo utasikia mlio mdogo, na ubavu huo umekwisha hata kama ufa bado hauonekani. Jozi moja ya ziada isikosekane.

Kubandika mataruma ya mgongo ndiyo hatua inayoamua kama gitaa litaishi Tabora. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 30, mbao inatulia kwenye maji asilimia 6. Ukiwa 50, asilimia 9. Ukiwa 80, asilimia 16. Mgongo wa mjozi wa milimita 397, ukitoka 16 kushuka 6, unataka kusinyaa milimita 7. Wa mninga haufiki 4. Lakini mataruma yamepita mkingamo na hayatauruhusu kusinyaa, kwa hiyo kinachofuata ni ufa. Ukiubandika masika, kiangazi kinaupasua hata ukiwa mninga. Ubandike hewa ikiwa asilimia 40 hadi 50. Kwetu Juni na Julai ndiyo miezi ya amani. Nunua haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa; bei yake ni ndogo kuliko mgongo mmoja uliopasuka. Kazi ikikudai Januari, tengeneza sanduku la plaiwudi lenye balbu ya zamani, ile inayotoa joto: hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu asilimia 75, ukiipasha hadi nyuzi 33, unyevu wake unashuka mpaka 44 hivi. Acha mgongo na mataruma humo siku tatu, toa, bandika upesi, rudisha sandukuni gundi ishike. Mataruma manne yanatosha, yakichongwa upinde wa duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.6. Upinde huo si urembo: mgongo ukisinyaa unashuka kwanza kabla ya kupasuka.

Kwa uso, kama sprusi ya kuagiza, mbao iliyozoeleka kwa uso, imekushinda, msonobari wa shamba la miti la Sao Hill unaweza kutumika kwa gitaa la kujifunzia, ilimradi pete zisizidi milimita 2 na kusiwe na fundo wala utomvu. Rangi ya mninga ni adui wa uso mweupe. Vumbi lake jekundu linaingia kwenye vinyweleo, na spiriti iliyomo kwenye shelaki (aina ya vanishi) inayeyusha wekundu na kuuburuta mpaka kwenye ukingo. Pulizia au paka uso shelaki nyembamba kabla ya kusugua mbavu, na mbavu zenyewe zipake kwa kuvuta brashi kutoka ukingoni kwenda katikati, kamwe si kinyume chake. Vinyweleo vikubwa vijazwe epoksi iliyochanganywa na vumbi la mninga uleule.

Ubao wa vidole, ule wa shingoni unapokandamizia nyuzi, ni mpingo, sina mbadala wa kuupendekeza. Daraja la mpingo, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni, ni suala jingine. Mpingo unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, na daraja ambalo lingekuwa gramu 24 kwa rosewood ya India linafika 36. Gramu hizo 12 zinakaa palepale uso unapotakiwa kucheza, na sauti inafifia. Lipunguze unene wa mabawa, au tumia mkurungu. Mji uliotoa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz unastahili magitaa yanayosikika mpaka nyuma ya ukumbi.

Mwisho, karatasi. Dai risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) hata kwa ubao mmoja, kwa sababu geti la barabarani halitazami wingi. Tangu mkutano wa CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini) wa Panama, Novemba 2022, jamii zote za Pterocarpus za Afrika, mninga na mkurungu zikiwemo, zimo kwenye Kiambatisho cha Pili, na mpingo ulitangulia humo mwaka 2017. Magogo, mbao zilizopasuliwa na plaiwudi za mninga zinahitaji kibali cha CITES kuvuka mpaka. Gitaa lililokamilika la mninga halimo kwenye orodha hiyo, na vyombo vya muziki vya mpingo vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019. Mteja wa Bujumbura anayetaka vibao vya mgongo ajitengenezee mwenyewe atakusumbua; anayetaka gitaa zima, mkabidhi pamoja na nakala ya risiti ya mbao.