Dakika tatu mbele ya Kamisheni ya Jiji la Grand Rapids

Hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mimi huwafundisha Wakongo wenzangu kuendesha gari. Mshahara wangu unatoka kiwandani, zamu ya usiku. Udereva nafundisha Jumamosi, kwa sababu familia ikishafika hapa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) au Dzaleka (Malawi), haichukui muda kabla ya kuhitaji gari: viwanda viko pembezoni na zamu nyingine zinaanza alfajiri. Sasa ukishamfundisha mtu kushika usukani, siku akisimamishwa na polisi anakupigia wewe simu. Kwa njia hiyo nikajikuta nawapeleka watu wetu kwenye kamisheni ya jiji kuzungumzia polisi na usawa wa rangi. Nawaandikia wasema Kiswahili walioko katika miji mingine ya Marekani, maana najua mnaulizana yale yale tuliyoulizana sisi.

Kilichotusukuma mnakijua. Tarehe 4 Aprili 2022, asubuhi, Patrick Lyoya alisimamishwa katika mtaa wa makazi upande wa kusini-mashariki wa jiji hili kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Alikuwa na miaka 26, mzaliwa wa Kongo, na familia yake ilifika Marekani mwaka 2014. Alishuka kwenye gari. Polisi akamwambia arudi ndani, akamuuliza kama anazungumza Kiingereza, Patrick akajibu ndiyo. Wakavutana, wakakimbizana hatua chache, wakagombania teza, ile silaha ya umeme. Mwisho Patrick akiwa amelala kifudifudi na polisi yuko juu yake, akapigwa risasi moja kisogoni. Jiji lilitoa video tarehe 13. Kesho yake baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Sisi hatukuhitaji mkalimani. Tulimsikia moja kwa moja, kwa lugha tunayolelea watoto wetu.

Alishuka kwenye gari. Naomba tusimame hapo kidogo. Kwetu wengi, ukisimamishwa na trafiki unashuka. Unamfuata afande alipo, unampa mkono kama hali inaruhusu, unatoa karatasi zako huku umesimama. Kubaki umekaa ndani huku yeye amesimama juani ni dharau. Hapa Marekani kushuka kunahesabiwa kama tishio: unatakiwa ukae, mikono juu ya usukani, usifungue hata kisanduku cha kuwekea karatasi kabla hujaambiwa. Nimewafundisha wazee waliokaribia miaka sabini, na somo gumu kuliko yote kwao si kurudi nyuma wala kuegesha. Ni kukaa kimya wameshika usukani mtu akiwajia na mkono kwenye bastola. Simsemei Patrick, sijui alikuwa anawaza nini. Nasema tu kwamba Mkongo aliyeiona video ile aliliona jambo ambalo wengine hawakuliona, na jambo hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye karatasi za jiji. Hapo ndipo nilipoamua kwamba lazima liandikwe.

Ilibidi kwanza nijue mlango ni upi. Hapa baraza la jiji linaitwa kamisheni: meya na makamishna sita, wawili kutoka kila moja ya kata tatu. Mwezi ule wa Aprili ukumbi ulijaa, watu wakapaza sauti kwamba askari yule afukuzwe. Niliwaelewa kabisa, nilikuwa na uchungu ule ule. Lakini niliposoma katiba ya jiji niliona kwamba kamisheni haimwajiri polisi wala haimfukuzi. Kamisheni inamteua meneja wa jiji, meneja anamteua mkuu wa polisi, na nidhamu ya askari iko kwa hao wawili. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa askari yule: mwendesha mashtaka wa kaunti alimfungulia shtaka la mauaji ya daraja la pili mwezi Juni, na aliyemwachisha kazi ni meneja wa jiji.

Basi kamisheni ina nini? Ina bajeti, ingawa hata hapo imefungwa mkono mmoja: mwaka 1995 wapiga kura waliweka kwenye katiba ya jiji kwamba polisi wasipate chini ya asilimia 32 ya mfuko mkuu. Ina sera, ina uteuzi wa watu kwenye bodi, na ina uwezo wa kumuuliza meneja maswali hadharani naye akatakiwa kujibu. Tangu mwaka 2019 jiji lina ofisi ya kusimamia uwajibikaji wa polisi, na kuna bodi ya raia ya rufaa kwa mtu ambaye hakuridhika na majibu ya malalamiko yake. Nilipoyaeleza haya pale kanisani, mzee mmoja alisema, "Kwa hiyo tusimwombe mtu kitu ambacho hana." Ndivyo tulivyopanga maombi yetu yote.

Kazi iliyofuata ilikuwa kusoma. Jiji hili lilikwisha kujichunguza kabla ya Patrick, na hilo wengi wetu hatukulijua kwa sababu lilitokea kabla hatujafika, au tulikuwa na mambo ya makazi na shule za watoto. Mwaka 2017 ulitoka utafiti ambao jiji lenyewe liliulipia, ukitumia takwimu za miaka ya 2013 hadi 2015. Ulionyesha kwamba dereva mweusi alikuwa na uwezekano mara mbili wa kusimamishwa kuliko dereva asiye mweusi. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, polisi waliokuwa wanamtafuta mwanamke mzungu mtu mzima walimfunga pingu Honestie Hodges, msichana mweusi wa miaka 11, akitoka nyumbani kwao. Mwaka uliofuata sera mpya kuhusu polisi na watoto ikapewa jina lake. Honestie mwenyewe alifariki kwa Korona mwaka 2020, akiwa na miaka 14.

Kuna na habari ya alama za vidole. Kwa miaka mingi polisi wa hapa walikuwa wakimkuta mtu njiani bila kitambulisho wanampiga picha na kumchukua alama za vidole, hata kama hashtakiwi kwa lolote. Vijana wawili weusi waliochukuliwa hivyo mwaka 2011 na 2012 walikwenda mahakamani, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema kuchukua alama za vidole namna ile bila sababu ya kutosha ni kinyume cha katiba. Miaka kumi! Vijana wale walikuwa wanafunzi ilipoanza, ikaisha wakiwa watu wazima. Niliwasimulia wazee wetu kisa hicho makusudi, kwa sababu wengi walidhani mambo haya yanaamuliwa kwa kikao kimoja, ukisikilizwa umesikilizwa.

Nilikuwa na hofu kwamba takwimu zitawachosha. Haikuwa hivyo. Niliposema "mara mbili", ukumbi wa chini wa kanisa ulinyamaza, halafu mama mmoja akasema, "Kumbe wanajua." Hiyo ndiyo nguvu ya utafiti ule kwetu. Hatukuwa tena watu wa kusema "tunahisi". Tulikuwa tunawakumbusha jambo walilolipima wao wenyewe.

Sasa dakika tatu. Raia akisimama mbele ya kamisheni anapewa dakika tatu, na kama anasema Kiswahili tulijipangia kwamba muda wa mkalimani uko humo humo, ili tusishtukizwe. Maana yake unabaki na dakika moja na nusu ya maneno yako. Nani kati ya mama zetu amewahi kueleza shida yake kwa dakika moja na nusu?

Mama niliyemtaja alikuwa wa kwanza kufanya mazoezi. Niliweka simu mezani, nikabonyeza saa. Akaanza: awasalimu wote kwa jina la Bwana, amsalimu meya, awasalimu makamishna na familia zao, awape pole ya kazi. Saa ikakaribia dakika nzima na hajasema kilichomleta. Nikamwambia, "Mama, hapa salamu ni sentensi moja." Akaniangalia. "Mwanangu, nitamwombaje mtu kitu na sijamjulia hali?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ana haki. Tukakubaliana abaki na salamu moja, ya kweli, na iliyobaki aiweke kwenye barua ambayo ingepelekwa kwa karani wa jiji. Barua haina saa. Baada ya hapo akasema yake: kijana wake anaondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kazini, na yeye halali mpaka apate ujumbe kwamba amefika. Anaomba polisi akimsimamisha mtu na wakashindwa kuelewana, kabla ya kumshika apige simu kwa mkalimani. Basi. Tulifupisha, tukarudia, tukafupisha tena, mpaka akaweza kuyasema bila karatasi, akimtazama mtu machoni.

Suala la mkalimani nalishikilia sana, kwa hiyo nitalisema wazi: tusiwatumie watoto. Binti wa mama huyo anaongea Kiingereza kama waliozaliwa hapa, na alijitolea. Nilikataa. Mtoto hapaswi kubeba hofu ya mama yake na kuitangaza mbele ya kadamnasi, halafu kesho aende shule. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kwenye sehemu yake ya sita, inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na tangu mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani imetambua kwamba kumfungia mtu nje kwa sababu ya lugha kunaingia humo. Kwa hiyo unapoomba mkalimani huombi msaada. Piga simu mapema, taja lugha yako, sema ni Kiswahili cha Kongo kama ndicho unachosema, na andika jina la aliyekujibu. Mkalimani wetu alikuwa mtu mzima, mwenye uzoefu wa mahakamani, na alikuja kwenye mazoezi akamzoea mama na mwendo wake wa kuongea.

Muda wa vikao ulikuwa shida ya peke yake. Vya jioni vinawaangukia watu wa zamu ya pili wakiwa kazini. Tuligawana: wa zamu ya pili waende vikao vya kamati mchana, wa zamu ya kwanza na wa usiku waende jioni. Wasioweza kabisa waliandika. Madereva wangu wa Jumamosi ndio waliobeba watu, na niliona fahari kuwaona wakiegesha pale katikati ya mji, mmoja mmoja, bila haraka.

Jioni ya mama ilipofika tulipanda ghorofa ya tisa ya jengo la jiji tukaketi pamoja, vitenge vimejaza safu nzima. Niliwaonya mapema kwamba makamishna hawajibu papo hapo. Unasema, wanakushukuru, anaitwa mwingine. Usipojua hilo utatoka na moyo umevunjika, ukidhani umedharauliwa. Mama aliitwa. Alisalimia, akasema la kijana wake, akasema ombi lake, akakaa, na saa ilikuwa haijaisha. Alipokuwa anaongea sikuangalia saa, niliangalia meza ile ya mbele. Kalamu zilikuwa zinaandika. Baada ya kikao kamishna mmoja alimfuata mama kwenye korido akamuuliza kijana anafanya kazi upande gani, na usiku barabara inakuwaje. Mama akapata nafasi ya salamu zake zote.

Tangu wakati huo polisi wa jiji wameandika upya sera yao ya matumizi ya nguvu na kuweka thamani ya maisha ya binadamu mbele. Sidai kwamba ni kwa sababu yetu. Watu weusi wa jiji hili walikuwa wanalipigania kabla mimi sijajua kamisheni iko mtaa gani, na sisi tuliingia kwenye kazi yao.

Kisha ikaja Mei 2025. Kesi ya askari yule ilisikilizwa, na tarehe 8 juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani, likashindwa kukubaliana. Baada ya wiki mbili mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hataianza upya. Watu wetu walilia, na wengine wakaniambia hawatakanyaga tena jengo la serikali. Siwalaumu. Nilichowaambia ni kile ninachoamini: mahakama ilikuwa inamhukumu mtu mmoja kwa asubuhi moja. Namna atakavyosimamishwa kijana wa mama yule saa kumi alfajiri inaamuliwa kwenye bajeti, kwenye sera na kwenye mafunzo ya askari, na hayo yana kikao chake.

Baadhi wamerudi. Kijana mmoja niliyemfundisha udereva amejaza fomu ya kuomba kuteuliwa kwenye bodi ya jiji, na nimemsaidia kuandika barua yake. Mama anawafundisha wengine kufupisha salamu. Ombi tunaloandaa sasa lina sehemu mbili: takwimu za madereva wanaosimamishwa, zikiwa na rangi zao, zitolewe kila mwaka bila raia kuomba, na zionyeshe ni mara ngapi mkalimani aliitwa. Ya pili ni kwamba askari wapya wakutane na madereva wetu, gari limesimama, kila mmoja aone mwenzake anategemea nini. Uwanja wa kanisa upo, na magari ya mazoezi tunayo.