Siwa Isiyopulizwa

Kwetu Lamu ukitaja siwa, mtu hufikiria pembe. Ile ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu zimelala ndani ya kioo cha makumbusho pale ufukoni, na zamani harusi ya waungwana haikuwa harusi mpaka siwa ilie. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma Kairo aliponipigia simu akasema, "Mjomba, ukija huku nitakupeleka Siwa," nilimuuliza ni nani anayeoa.

Alicheka mpaka simu ikakatika. Baadaye akanieleza kwamba Siwa yake ni mji. Uko ndani kabisa ya jangwa la magharibi la Misri, kiasi cha kilomita 50 kutoka mpaka wa Libya, na wenyeji wake wa asili ni Waamazigh, wale ambao vitabu vingi huwaita Waberberi. Jamaa zao wengi wako Moroko na Algeria. Hawa wa Siwa ndio wa mwisho upande wa mashariki; ukitoa kijiji kidogo cha Gara kilicho jirani yao, kutoka pale mpaka Mto Nile humsikii tena mtu akizungumza lugha hiyo nyumbani kwake.

Tulipanda basi la usiku. Sina mengi ya kusema juu ya basi lile ila kwamba kipupwe chake kilikuwa cha kugandisha samaki, nami nilikuwa na shuka moja. Alfajiri tulifika Marsa Matruh, kwenye bahari ya Mediterania, nikaiona bahari kama dakika kumi, kisha dereva akaipa mgongo akaelekea kusini. Kutoka hapo ni kilomita 300 hivi za ardhi tupu, si ule mchanga wa matuta unaouona kwenye picha, bali changarawe ya rangi ya mkate ulioungua, bila mti. Mara kwa mara kuna kizuizi cha jeshi. Kwenye kimoja askari kijana alishika pasipoti yangu, akaigeuza, akanitazama tumbo.

"Kenya? Wewe unakimbia?"

Nikamwambia kwetu tunapanda punda. Mpwa wangu akatafsiri, basi zima likacheka, nami nikarudishiwa pasipoti yangu.

Sikujua kwamba punda ndio watakaonipokea. Mji ukatokea ghafla barabara ilipoteremka: chini yetu kijani kitupu, mitende kwa maelfu, na maziwa mawili yanayong'aa mno kuwa ya maji baridi. Kisha tukaingia sokoni na kitu cha kwanza nilichokiona ni punda aliyefungwa mkokoteni, kijana mdogo ameshika hatamu, na nyuma yake mama aliyejifunika gubigubi kwa shuka la buluu ya kijivu lililotariziwa. Shuka hilo wao huliita tarfuttet. Mpwa wangu aliuona mkono wangu ukienda mfukoni akanivuta shati. "Wanawake hapa hawapigwi picha, Mjomba." Nikaona haya, maana mimi mwenyewe huwagombeza watalii kwetu kwa kosa hilo hilo. Punda wenyewe wanapungua siku hizi. Pikipiki za magurudumu matatu zimejaa, zinapiga honi kuliko zinavyobeba mizigo.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa ya mzee mmoja tuliyemwita Hajj, kama kila mtu pale alivyomwita. Alitukaribisha kwa chai ya mchaichai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kutoka darini kwake unaiona Shali, ngome kongwe ya mji, na lazima nikiri kwamba mara ya kwanza nilidhani ni kichuguu. Kuta zimeinama, zimevimba, nyingine zimekatika katikati kama mshumaa uliowaka upande mmoja. Masimulizi yao yanasema mji ulihamia juu ya kilima hicho mwanzoni mwa karne ya 13, ukoo kwa ukoo, kuwakimbia wavamizi wa jangwani. Kwa mamia ya miaka hakuruhusiwa mtu kujenga nje ya ukuta, hivyo nyumba zikapanda juu badala ya kutanda, ghorofa juu ya ghorofa, hadi majeshi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, yalipoiteka Siwa mwaka 1820.

Kilichoiangusha hakikuwa jeshi. Shali imejengwa kwa karshif, yaani mabonge ya chumvi na udongo yanayochimbwa kandokando ya maziwa, yakaunganishwa kwa tope la chumvi hiyo hiyo. Likikauka linakuwa gumu kama tumbawe letu. Mwaka 1926 mvua ikanyesha siku tatu. Nyumba zikaanza kuyeyuka, watu wakazihama, wakateremka bondeni.

"Mvua ndogo hatujali," alisema Hajj, macho yakiwa juu, kwenye anga ambalo halikuwa na hata unyoya wa wingu. "Ya siku tatu ndiyo hatuitaki."

Mimi niliyelelewa na dua za kuomba mvua nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuja na picha yangu kichwani, ya mji wenye kiu. Siku ya pili Hajj aliitoa picha hiyo kabisa. Alitupeleka shambani kwake kwa mguu, tukipita mitende na mizeituni, tukivuka vijito kila hatua kumi. Maji yanatoka chini yenyewe, mengine ya vuguvugu, katika chemchemi za duara zilizojengewa kwa mawe. Maarufu zaidi imepewa jina la Cleopatra, ingawa wenyeji huiita Ain Juba, na vijana wanajirusha humo kama watoto wa Lamu wanavyojirusha gatini. Ni maji ya kale yaliyohifadhiwa ndani ya miamba ya mchanga ya Nubia, hazina moja kubwa inayopita chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Mvua ya leo haiyaongezi kitu cha maana. Mpwa wangu akanionyesha chupa ya maji aliyonunua Kairo: imejazwa Siwa. Tulikuwa tumeyabeba maji usiku kucha kuyarudisha kwao.

Tukafika mwisho wa shamba. Hapo mitende ilikuwa imesimama imekufa, vichwa vimekatika, na ardhi ni nyeupe. Nilidhani ni chokaa. Hajj akaokota kipande akanipa nilambe.

Siwa iko kwenye bonde lililo chini ya usawa wa bahari, kiasi cha mita 18. Maji yakishamwagilia shamba hayana pa kwenda. Hakuna mto wa kuyatoa wala bahari ya kuyapokea, kwa hiyo yanateremka ziwani, yanachomwa na jua, yanaacha chumvi. Zamani chemchemi zilikuwa za kuhesabika na zamu za kumwagilia zilipangwa kwa ukoo na kwa saa. Kisha ikaja mitambo, na tangu miaka ya 1980, lami ilipofika na wawekezaji nyuma yake, visima vikachimbwa ovyo, vingine vikaachwa vikitiririka mchana na usiku. Maziwa yakavimba. Maji ya chini yakapanda na chumvi yake yakaifikia mizizi. Baba yake Hajj alivuna tende mahali tuliposimama. Serikali imefunga visima vingi na kuchimba mifereji ya kuyatoa maji, naye akasema hivyo bila kusifu wala kulaumu, kama mtu anayesubiri kuona.

Hayo mabwawa ya chumvi, ya rangi ya feruzi, ndiyo yanayowaleta vijana wa Kairo na simu zao siku hizi. Unaingia, unaelea kama kifuu. Mimi pia nilielea. Sikuweza kuzama hata nilipojaribu, na jicho liliniwasha hadi jioni.

Lugha yao ilinishughulisha kuliko magofu. Kati yao huongea Kisiwi, na mgeni akiingia hugeukia Kiarabu mara moja, kwa adabu tu, hivyo unaweza kukaa wiki usiisikie. Nilimwomba Hajj anifundishe. Maji ni aman, neno hilo hilo wanalotumia Waamazigh hadi Moroko. Kisha tukafika kwenye "hicho" nikapotea. Sisi Waswahili tunakibadilisha "hicho" kwa kufuata kitu: hicho kiti, huo mtende, hayo maji. Wao, zaidi ya kuangalia kitu, wanaangalia pia unamwambia nani. Ukimwonyesha mwanamume kitu kilicho karibu naye, neno lina umbo lake. Ukimwonyesha mwanamke, linabadilika. Wakiwa kundi, linabadilika tena. Kiti ni kile kile, hakijasogea. Hajj alishangaa kwamba mimi nashangaa. Wajukuu wake wawili walikaa mlangoni wakinirekebisha kila nilipokosea, na nilikosea kila mara, kwa sababu niliendelea kukiangalia kiti badala ya kumwangalia mtu.

Shuleni wajukuu hao wanasoma kwa Kiarabu tu. UNESCO imeiweka lugha hii katika orodha ya zile zilizo hatarini. Kwenye baraza la Hajj haikuonyesha dalili ya ugonjwa, ila mjukuu mkubwa alikuwa anaangalia katuni za Kiarabu huku akinirekebisha.

Magofu tuliyaendea Aghurmi, kilima kingine kidogo mashariki ya mji, ambako hekalu la Amun liko juu ya mwamba mitende ikiwa imelizunguka. Hapa ndipo Alexander wa Makedonia alipofika mwaka 331 KK, baada ya kuvuka jangwa lote hilo, ili amuulize mungu huyo maswali. Aliuliza nini na akajibiwa nini, hakusema hadharani. Lakini baada ya kifo chake sarafu zilichongwa zikimwonyesha na pembe za kondoo zimejikunja masikioni, pembe za Amun, na wapo wafasiri waliomtambua kuwa ndiye Dhulkarnein, mwenye pembe mbili, anayetajwa kwenye sura ya Al-Kahf. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nimesafiri siku mbili kuikimbia siwa ya pembe, nikafika Siwa nikakuta pembe.

Chini kidogo kuna hekalu la pili, Umm Ubayd. Umebaki ukuta mmoja wenye michoro. Mwaka 1896 afisa mmoja wa serikali alihitaji mawe ya ujenzi, akalilipua kwa baruti. Sikuwa na la kusema hapo. Tulirudi.

Tulichokikosa ni Siyaha. Kila Oktoba, mbalamwezi inapotimia na mavuno ya tende yakianza kuingia, wanaume wa Siwa huhamia kwenye mlima wa Dakrur siku tatu. Kila nyumba huleta mkate, nyama hupikwa kwenye masufuria makubwa, watu huketi duara duara kwenye sinia, na hakuna anayetia mkono mpaka sauti itoke juu ya mlima. Asili yake ni ugomvi wa watu wa mashariki na watu wa magharibi ya mji, ugomvi wa damu, ambao ulipatanishwa katika karne ya 19 na masheikh wa Madaniya, tawi la tarika ya Shadhiliya. Usiku ni dhikri. Msomaji wa Kilwa au wa Ngazija ataipata hapa harufu ya nyumbani, kwa kuwa Shadhiliya yetu, ile ya Yashrutiya aliyoieneza Sheikh Maarufu kutoka Ngazija, imetoka kwenye shina hilo: Sheikh Yashruti mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Sheikh Madani wa Misrata. Sisi tulichelewa kwa wiki moja. Tulikuta majivu ya meko na mbuzi wawili wakitafuta makombo.

Kama fidia, Hajj alitupikia abu mardam: nyama na wali kwenye chombo kilichofukiwa shimoni pamoja na makaa, mchanga juu, kikaachwa humo kwa saa nyingi. Asubuhi mgema alileta lagbi, maji ya mtende yaliyotoka kutegwa usiku, matamu na yenye povu kidogo. "Inywe sasa hivi," akanionya, "ikifika adhuhuri itakuwa haramu." Nikamwambia hilo kwetu hatuhitaji kuelezwa.

Siku ya mwisho tulikata kibali tukaingia mchangani kwa gari. Madereva wa huko wanateremka tuta kama wanaotupa gari kisimani, na mimi niliyevuka mkondo wa Shela wakati wa kusi nilifumba macho. Dereva alisimama mahali pasipo na chochote akasema tushuke tuangalie chini. Nilipiga magoti. Mchanga ulikuwa umejaa makome na chaza, wazito, wamegeuka jiwe. Niliokota mmoja, nikauweka sikioni kwa mazoea ya utotoni. Nikaurudisha nilipoukuta.

Chumvi ndiyo niliyoibeba. Hajj alinipa bonge moja, safi kama kioo, kubwa kama kichwa cha mtoto, na nikalivusha viwanja vitatu vya ndege nikielezea kila forodha kwamba ni chumvi. Nimeliweka kwenye kidaka cha sebule hapa Lamu. Lilikaa vizuri kaskazi yote. Mwezi wa nne, masika yalipoingia, mama aliniita.

"Mwanangu, jiwe lako lalia."

Kidaka kilikuwa kimelowa hadi kwenye lipu. Ameliwekea sahani ya udongo chini yake, na kila asubuhi humwaga maji yake uani, mbali na mgomba.