Kijana wa Houston anayenisahaulisha mpira

Kazini kwetu kuna mzee mmoja, mzaliwa wa hapa hapa Houston. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Tanzania, alicheka kabla hajanipa mkono. "Thabeet!" Miaka inakwenda, jina langu bado ni hilo hilo.

Wanaofuata kikapu wanajua kwa nini inauma. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Wa tatu alikuwa James Harden, ambaye baadaye akawa mfalme wa mji huu. Wa saba, Stephen Curry, nyota mkubwa wa mitupo ya mbali. Thabeet naye alipita hapa kwenye timu yetu, Rockets, kuanzia 2011, akacheza mechi za kuhesabu kwa vidole. Haya, mtetee ndugu yako hapo! Mimi humwambia mzee kwamba yule hakuitwa Marekani kufunga, aliitwa kuzuia. Hasikii. Kwake mchezaji ni pointi, basi.

Ndiyo maana nimempenda Amen Thompson. Amezaliwa 2003, urefu wake mita mbili na kidogo. Rockets walimchukua wa nne mwaka 2023, na pacha wake, Ausar, akafuatia wa tano kwenda Detroit. Mitupo ya mbali bado inamsumbua, tusidanganyane. Lakini kukaba! Msimu wa 2024–25 aliingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi nzima, ana miaka 22 tu.

Nilimpeleka mwanangu Toyota Center, uwanja wa Rockets, kumwona, viti vya bei yetu, juu kabisa karibu na paa. Mtoto alinuna. Kumbe kule juu ndiko kuzuri, maana miguu yote unaiona. Thompson hapapasi mpira ovyo kama sisi tulivyokuwa tukifanya uwanja wa Don Bosco, Upanga, halafu kocha anakufokea. Anainama, anateleza kiubavu, kifua chake hakimwachi mtu. Mwenzake akimpiga chenga unasema huyu ameachwa, kisha mkono unatokea nyuma na mpira umekwenda. Mara mbili watu walishangilia kikapu, nikamuuliza mwanangu nani kafunga.

Kwenye mtoano wa 2025 tulipokutana na Golden State, timu ya Curry, kazi ya kumkaba ilikuwa yake. Mechi ya saba, ya kuamua nani asonge mbele, Mei, hapa hapa nyumbani, tukawa tunamchunga Curry kama yai. Mwenzake, Buddy Hield, akatufunga pointi 33, na mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa tisa. Nilizima televisheni nikaenda kulala bila kula. Kesho yake mzee alikuwa ananisubiri kwenye mashine ya kahawa, na safari hii hakucheka. Alitikisa kichwa tu, akasema yule kijana wenu si wa kulaumiwa. Wenu! Sikumsahihisha.

Tangu hapo mwanangu ana mazoezi yake mbele ya gereji. Anapiga magoti kidogo, anatanua mikono, anakwenda kushoto, anarudi kulia, mpira umelala kwenye majani. Jumapili nilipiga simu ya video nyumbani Tabata, nikamgeuzia mama kamera amwone mjukuu wake.

Akatazama kimya, kisha akaniuliza, "Baba, huyu mtoto mbona anatembea kama kaa? Mmempeleka hospitali?"