Siku moja maishani mwangu: kuliweka anga la Arusha ndani ya kuba

Saa kumi na moja alfajiri niko nje, mtaani kwetu Sakina, nimejitanda khanga mbili kwa baridi ya Julai. Mwezi huu mawingu hulalia mji hadi mchana, lakini leo yameachia upande wa mashariki na Kilimia kinaonekana, kile kishada cha nyota kilichotupotea mwezi Mei. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilizama kwa masika, na kweli kimezukia kiangazi. Nimekitazama mpaka chai ikachemka.

Saa moja na nusu nipo chuoni. Mimi ni fundi sanifu wa planetariamu yetu, ukumbi mdogo wa kuonyeshea nyota, wenye kuba la kipenyo cha mita 8, na hii ni wiki ya tatu tunaugeuza uwe wa kidijitali. Mashine ya zamani imeshushwa, imefunikwa turubai. Wazo lake ni lile lile ambalo kampuni ya Kijerumani ya Zeiss iliwaonyesha watu Munich mwaka 1923: taa ndani ya tufe, mwanga unapenya vitundu, dari linajaa nyota. Nimejifunzia kazi kwenye mashine hiyo na ninaipenda. Nyota zake zilikuwa nukta kali juu ya weusi wa kweli.

Ila ilijua nyota tu. Haikuweza kumnyanyua mtoto kutoka Arusha akaiona Dunia chini yake kama mpira, kisha ikampitisha kando ya pete za sayari ya Zohali. Na maelezo tuliyorithi pamoja nayo yalitungwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya mbali. Yalianza kwa kumwambia msikilizaji aitafute Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo haichomozi kwetu hata usiku mmoja wa mwaka. Nimeshuhudia watoto wakitoka ukumbini wakaitafuta angani mpaka gari lao likawapigia honi. Hilo limeniuma kwa miaka.

Saa mbili mzee wetu wa rangi yuko juu ya jukwaa anamalizia koti la mwisho. Rangi ni kijivu, na kila apitaye anauliza kwa nini si nyeupe. Kuba si ukuta wa sinema. Mwanga ukigonga upande mmoja unaruka hadi upande wa pili, na kuba jeupe hujiangaza lenyewe hadi usiku unafifia kama maziwa yaliyotiwa maji. Kijivu humeza sehemu ya mwanga huo unaoruka, na giza linabaki giza.

Saa nne umeme unakatika. Betri ya akiba inatupa dakika za kuizima kompyuta kwa utaratibu, basi. Tunakaa kusubiri.

Umeme unarudi karibu na saa sita, na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Projekta iko katikati ya ukumbi, imetazama juu kupitia lenzi ya jicho la samaki inayotandaza picha ya duara kwenye kuba lote. Picha ina pikseli, yaani nukta ndogo za mwanga, 3,840 kwa 2,160, lakini duara haliwezi kuzidi upande mfupi, kwa hiyo kutoka upeo hadi upeo tuna pikseli 2,160 za kugawana nyuzi 180. Kila pikseli inatoka karibu na milimita 6 darini. Mwezi mpevu unapata pikseli sita tu kwa upana! Hii ndiyo sababu mashine ya zamani bado inaishinda projekta kwa ukali wa nyota, na ndiyo sababu nimeomba isitupwe.

Makande tunayala saa nane, haraka haraka. Kisha nafungua Stellarium, programu ya bure ya kuonyesha anga, naweka latitudo ya Arusha na kuzungushia upeo wa macho picha niliyoipiga juu ya paa la chuo: miti michache, mabati, Mlima Meru. Nasogeza saa hadi alfajiri. Jua linachomoza nyuma ya Meru, na kwa macho yangu ni pazuri mno.

Mzee wa rangi ameketi chini ananyoosha mgongo. Anatazama, halafu anasema taratibu, "Binti yangu, jua halitoki huko."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nifafanulie."

"Marahaba. Mimi ni wa Ilboru. Mlima uko nyuma ya nyumba yetu, kaskazini. Jua linatokea Moshono, mashariki."

Kweli. Picha nilikuwa nimeibandika bila kuilinganisha na dira, na Meru ilikuwa imehama robo nzima ya mduara. Nikaizungusha nyuzi 90. Mlima ukarudi kwao, jua likapanda kando yake, na niliporudisha saa nyuma hadi kabla ya mapambazuko, juu ya mabati kikaonekana Kilimia, pale pale nilipokiacha asubuhi. Mzee akakinyoshea kidole kabla sijasema neno. Nikamwomba asiondoke, nikachukua kinasa sauti. Maelezo yetu mapya yataanza na sauti yake.

Tumefunga saa moja na nusu usiku. Nje mawingu yamepasuka kidogo upande wa Njiro, na Msalaba wa Kusini umesimama katikati ya mpasuko. Mzee amesema kesho atakuja na wajukuu wawili. Nimemwambia waje saa tatu, rangi itakuwa imekauka.